Masafa Yaliyolala Yaazimwe

Thika na Ruiru zimo chini ya anga lililojaa matangazo ya Nairobi. Hata hivyo, kujaa kwa orodha ya leseni si kujaa kwa anga lenyewe. Mwaka 2013, mradi wa Mawingu karibu na Nanyuki ulitumia mianya ya masafa ya televisheni kupeleka intaneti shuleni. Mamlaka ya Mawasiliano imekwisha kuiwekea mianya hiyo kanuni. Sasa iufungue mlango kwa masafa mengine yaliyolala. Shule au kituo kidogo cha Ruiru kiyaazime, kwa sharti kwamba mwenye leseni akiyahitaji, mwazimaji aondoke mara moja. Masafa hayapungui kwa kutumiwa. Kuyafungia bure ndiko kuwadhulumu wananchi, wenye mali.