Taja na Ile Chupa ya Nyumbani

Mgonjwa wa baridi yabisi akinipa karatasi ya daktari dirishani, swali langu la kwanza ni hili: "Mama, na nyumbani unakunywa nini?" Wengi hutazama pembeni. Nikiongeza kwamba hata kwetu tunachemsha mizizi, ndipo chupa inapotajwa: mlonge, mwarobaini, au unga wa kahawia ulionunuliwa stendi, hauna jina.

Mimi ni mfamasia hapa Tanga, na miti shamba sina ugomvi nayo. Dawa mseto ya malaria ninayoitoa kila siku imetokana na artemisia, mmea uliompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ninachogombana nacho ni usiri.

Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe na kushambulia utando wa ndani wa maungio. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa hata saa nzima. Ikiachwa, mfupa hulika. Kwa hiyo kutuliza maumivu peke yake hakutoshi. Lazima uharibifu uzuiwe, na dawa inayotegemewa zaidi kwa kazi hiyo ni methotrekseti.

Tatizo, methotrekseti haina haraka. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Mgonjwa anameza vidonge, mwezi unapita, bado anaumwa, shangazi anamletea mizizi. Wiki chache baadaye vidole vinalegea. Sifa zote zinakwenda kwa mizizi, na vidonge vinaachwa kabatini.

Je, viwili hivyo haviwezi kwenda pamoja? China walilipima jambo hilo. Huko kuna mmea uitwao lei gong teng, unaotumika tangu zamani kutibu maungio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 207 makundi matatu: wa methotrekseti, wa mmea, na wa vyote viwili. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu ya angalau nusu walikuwa kama 46 katika kila 100 kwa methotrekseti, 55 kwa mmea, na 77 kwa waliochanganya.

Kabla hujashangilia, tazama walivyofanya. Mmea ulitolewa kama vidonge vya miligramu 20, mara tatu kwa siku, na daktari alijua kila kinachomezwa. Methotrekseti yenyewe ilikuwa ya kipimo kidogo, miligramu 12.5 kwa wiki, na wagonjwa walijua wamo kundi gani, mambo yanayoweza kupendelea upande mmoja. Tena mmea huo una sumu: majani hayaliwi, na hata dawa ya mzizi wake huweza kupunguza mbegu za kiume na kukatisha hedhi. Sikushauri uutafute.

Sasa rudi kwenye chupa isiyo na jina. Methotrekseti huweza kuumiza ini, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Majibu yakiharibika, daktari asiyejua habari ya mizizi ataipunguza dawa yake, kumbe mkosaji huenda ni mwingine. Na unga unaoondoa maumivu kwa siku mbili nautilia shaka zaidi. Mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha maungio, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambazo hazikutajwa kwenye kifungashio. Diklofenaki ikikutana na methotrekseti bila uangalizi, figo huweza kuelemewa. Deksamethasoni ikitumika kwa muda mrefu kisha ikakatwa ghafla, mgonjwa huweza kuzimia.

Tangawizi ya chai na binzari ya mchuzi hazina neno. Zaidi ya hapo, beba chupa uende nayo kliniki. Usianze dawa mbili mpya wiki moja, maana hutajua ipi imekusaidia na ipi imekudhuru. Methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile; kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mwenye mimba, au anayeitarajia, asiiguse. Mganga naye aambiwe unameza nini hospitalini. Akikukataza kumwambia daktari habari za dawa yake, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuiacha.