Rangi Haibanduki Bure: Maji na Chumvi Katika Kuta za Nyumba za Pwani

Kwa mpangaji anayehamia katika nyumba ya ghorofa, iwe Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Michenzani mjini Unguja au Kisauni huko Mombasa, kupaka rangi huwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayobadili sura ya chumba kwa fedha kidogo kiasi hicho. Hata hivyo, katika miji ya mwambao rangi hiyo mara nyingi haimalizi misimu miwili ya mvua kabla ya kuvimba malengelenge, kumeguka vipande na kuacha unga mweupe pembezoni mwa sakafu, na hapo lawama humwangukia fundi rangi, anayedhaniwa kuwa alizidisha maji katika ndoo, au muuza duka, anayeshukiwa kuwa aliuza bidhaa hafifu. Lawama hizo huwa na haki mara moja moja tu. Katika visa vilivyo vingi chanzo cha uharibifu kimo ndani ya ukuta wenyewe, nacho ni maji pamoja na chumvi iliyoyeyuka ndani yake, na kwa hiyo kununua rangi ya bei kubwa zaidi na kuipaka juu ya ukuta uleule ni kuahirisha tatizo kwa gharama iliyoongezeka.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kutambua kwamba ukuta wa tofali za saruji, pamoja na lipu iliyopigwa juu yake, si kitu kigumu kisichopitisha chochote, bali umejaa vinyweleo, yaani vijitundu vyembamba vilivyobaki pale maji ya kuchanganyia saruji yalipokauka. Maji yakigusa vinyweleo hivyo hunyonywa na kupanda yenyewe bila kusukumwa na pampu yoyote, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari, na kadiri kinyweleo kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyoweza kupanda juu zaidi. Ndiyo maana mjenzi mwangalifu hutandika juu ya msingi tabaka la kuzuia unyevu, ambalo huwa la nailoni nzito au la lami, ili maji ya ardhini yasipate njia ya kuingia ukutani. Tabaka hilo likiachwa kwa ajili ya kubana matumizi, au likitobolewa wakati wa ujenzi, au likifukiwa na udongo wa bustani uliorundikwa nje hadi ukapita kimo chake, ukuta wa chini huanza kunywa maji, na alama yake hujitokeza kama mstari wa rangi iliyofifia ambao kwa kawaida hauzidi mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni.

Maji peke yake yangeweza kukauka na kusahaulika, lakini chumvi ndiyo inayofanya uharibifu uwe wa kudumu, na pwani chumvi haikosekani. Huletwa na upepo wa bahari, huingia ukutani pamoja na mchanga wa ufukweni usiooshwa, na hufichwa katika tofali zilizofyatuliwa kwa maji ya kisima chenye munyu. Maji yanapofika karibu na uso wa ukuta na kugeuka mvuke, chumvi haiwezi kuruka pamoja nayo, hivyo hubaki na kuganda kuwa chembe. Ikigandia juu ya uso huonekana kama unga mweupe unaofutika kwa brashi kavu, jambo ambalo ni kero kuliko hasara. Hasara yenyewe huja pale rangi inapokuwa nzito na isiyopitisha mvuke, kwa maana maji hulazimika kukaukia nyuma yake, chembe za chumvi hukua ndani ya vinyweleo vilivyo chini ya rangi, na nguvu ya kukua kwake hutosha kuisukuma rangi, na baada ya muda hata lipu, mpaka ikaachana na ukuta.

Chumvi ya kawaida ina tabia nyingine inayoeleza kwa nini ukuta uliokuwa mkavu wakati wa kipupwe huonekana umeloa wakati wa masika ingawa hakuna bomba lililopasuka. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi hiyo hunyonya mvuke kutoka hewani na kuyeyuka, na ukishuka chini ya kiwango hicho huganda tena, ilhali hewa ya mwambao huvuka mpaka huo huku na huku mara nyingi katika mwaka, na pengine ndani ya siku moja. Kila mzunguko wa kuyeyuka na kuganda ni msukumo mwingine nyuma ya rangi. Kwa hiyo ukuta uliokwisha kujaa chumvi unaweza kuendelea kuharibika hata baada ya chanzo cha kwanza cha maji kuzibwa, na mafundi wanaobandua lipu yote iliyoathirika, badala ya kuziba viraka, hawafanyi hivyo kwa kutafuta kazi ya ziada.

Maji yanayofika ukutani yana njia nyingine tatu mbali na ardhi. Njia ya mvua hujulikana kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa doa hutokea chini ya dirisha, kandokando ya ufa au kwenye dari ya ghorofa ya juu kabisa, na huongezeka siku chache baada ya mvua kubwa. Njia ya mabomba haifuati msimu: doa hukua kidogo kidogo mwaka mzima, mara nyingi katika dari iliyo chini ya bafu la jirani wa juu au katika ukuta unaopakana na choo, na likiguswa huwa la baridi hata mchana wa jua kali.

Njia ya hewa ndiyo inayokosewa zaidi, na imeenea kadiri viyoyozi vinavyoongezeka. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Chumba cha kulala kikipozwa usiku kucha hadi nyuzi 18, upande wa pili wa ukuta wake, ulio kwenye korido au katika stoo isiyopoa, unaweza kutota bila tone moja la mvua, na kabati kubwa lililosukumwa hadi kugusa ukuta huo huzuia hewa kupita, kiasi kwamba kuvu nyeusi huota nyuma yake na kuhamia katika nguo. Kuliacha kabati lisimame mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ni hatua isiyogharimu kitu, nayo hufanya kazi kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuvu.

Kutofautisha unyevu unaotoka hewani na ule unaotoka ndani ya ukuta hakuhitaji kifaa cha kitaalamu. Kipande cha nailoni angavu, chenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia, hubandikwa juu ya sehemu yenye doa kwa utepe wa gundi unaoziba pande zote nne, kisha huachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa nje unaotazama chumba, unyevu unatoka hewani, na yakitokea nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe ndio unaotoa maji. Vivyo hivyo unga mweupe unaweza kutenganishwa na kuvu kwa kuuchovya katika maji, kwani chumvi huyeyuka na kuvu haiyeyuki. Ukuta ukigongwa kwa sarafu na kutoa mlio wa uwazi, lipu imekwisha kuachana na tofali, na kuipaka rangi lipu ya namna hiyo ni kupoteza rangi.

Kuhusu rangi yenyewe, msomaji anapaswa kujua kwamba kila rangi imeundwa kwa mambo makuu matatu, ambayo ni unga unaotoa rangi, kiunganishi kinachoushika unga huo ukutani, na kimiminika kinachoruka rangi inapokauka. Katika rangi ya maji, kimiminika ni maji na kiunganishi ni aina ya plastiki, na utando wake, hasa ule usiong'aa, huruhusu mvuke kiasi kupita. Rangi ya mafuta hutoa utando mzito unaong'aa na kuosheka, sifa zinazopendwa jikoni na kwenye korido zenye watoto, lakini utando huohuo hufunga njia ya mvuke. Isitoshe, lipu mpya ya saruji ina ukali mkubwa wa kialkali, na ukali huo ukikutana na mafuta ya rangi penye unyevu huyageuza kuwa sabuni, kwa kemia ileile ya kiwandani, na matokeo yake ni rangi inayonata na kuteleza kwa miezi. Fundi anayepaka rangi ya mafuta juu ya lipu ya wiki mbili, bila praima ya kuhimili alkali, anatengeneza sabuni kwa fedha za mteja.

Wajenzi wa zamani wa mwambao walilijua suala hili kwa vitendo. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri la kuni. Chokaa iliyopigwa ukutani huvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vinyweleo vilivyo wazi, hivyo ukuta wenye unene wa nusu mita hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi. Kupaka chokaa upya kila baada ya muda kulikuwa sehemu ya matunzo, na tabaka lililoharibiwa na chumvi liliondolewa na kubadilishwa bila mawe kuguswa. Uharibifu mwingi unaoonekana leo katika majumba hayo umeongezwa na matengenezo ya nia njema, pale lipu ya saruji na rangi ya plastiki zilipowekwa juu ya ukuta uliozoea kupumua, maji yakakosa pa kutokea na yakaanza kula mawe na kuozesha ncha za boriti za mikoko zilizochimbiwa ukutani. Kosa hilo linarudiwa katika maghorofa ya kisasa kwa njia nyingine, wakati mpangaji anapoficha doa kwa karatasi za kubandika, vibao vya plastiki au marumaru. Ukuta wa chini ukizibwa kwa marumaru hadi mita moja, maji hupanda mpaka juu ya marumaru hizo na kutokea hapo.

Matibabu, basi, hufuata mpangilio usioruka hatua: kuziba chanzo, kubandua kilichooza, kukausha, na mwisho kabisa kupaka. Hatua ya kukausha ndiyo inayokiukwa zaidi, kwa kuwa kipimo cha kukadiria kinachotumiwa mara nyingi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta wa tofali za inchi 6 uliolowa kabisa unaweza kudai nusu mwaka. Chumvi inayojitokeza katika kipindi hicho hufagiliwa kwa brashi kavu, wala haioshwi, kwa sababu maji huirudisha ndani. Pale penye rangi ya mafuta ya miaka mingi, msasa mkavu haufai, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa watoto. Kiwango kinachopendekezwa leo na Shirika la Afya Duniani hakizidi sehemu 90 kwa milioni, na rangi nyingi za zamani zilikizidi mara nyingi. Kulowesha kabla ya kukwangua, pamoja na kuwaondoa watoto chumbani, hupunguza vumbi hilo.

Yapo pia madoa ambayo fundi hawezi kuyamaliza kwa sababu chanzo chake kiko nyumbani kwa mtu mwingine. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, na nchini Kenya sheria ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, hutenganisha sehemu anayomiliki mtu mmoja na mali ya pamoja inayosimamiwa na umoja wa wamiliki, na paa au bomba kuu linalohudumia nyumba nyingi kwa kawaida huangukia upande wa pamoja. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anayepaka dari yake kila mwaka, wakati bomba linalovuja liko chini ya bafu la ghorofa ya nne, anabeba gharama isiyo yake, na barua kwa mwenye nyumba au kwa umoja huo, ikiwa na picha zenye tarehe, itamsaidia kuliko ndoo nyingine ya lita 20.

Kwa kuwa wapangaji wengi hudaiwa kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua chake juu ya hapo, ukaguzi wenye faida ni ule unaofanyika kabla fedha hazijatoka mkononi. Msomaji anayetafuta nyumba na atazame nyuma ya milango, ndani ya makabati ya jikoni na dari iliyo chini ya bafu, aishuku rangi mpya iliyoishia kimo cha mita moja, na ikiwa nyumba inaoneshwa kwake mwezi Agosti, wakati kuta zote za pwani ni kavu, adai mkataba utaje kwa maandishi ni nani atakayegharimia ukuta utakaotota mwezi Aprili.