Mkono Unauma Baada ya Sindano ya Pepopunda

Mwezi huu tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini linalowafanya baadhi ya akina mama wasimalize sindano zao: maumivu ya mkono baada ya chanjo.

Mama mmoja wa Katonga, mwenye mimba ya miezi mitano, alichomwa sindano ya kwanza ya pepopunda asubuhi. Jioni mkono ukaanza kuwaka moto. Kesho yake mitumbwi ilipofika mwaloni hakuweza kuinua beseni la dagaa, na siku ikapita bila kipato. Tulipokutana naye baada ya misa alituambia, "Ya pili siendi." Hatukumlaumu. Kwa anayeishi kwa kazi ya mikono yake, kupoteza siku nzima si mchezo.

Lakini sindano moja haitoshi. Ya kwanza huuandaa mwili tu. Ya pili hutolewa baada ya wiki 4 au zaidi, na walau wiki 2 kabla ya kujifungua. Hiyo ndiyo humpa mama kinga ya kumpitishia mtoto kwa njia ya kondo la nyuma. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi. Humwingia mtoto kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, au kilichopakwa majivu na vitu vya namna hiyo. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huacha ghafla, mwili hukakamaa, na wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi. Ni kweli kwamba mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kwa wazazi na watoto wachanga, maana yake ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Hata hivyo udongo ni ule ule.

Mbona basi mkono uume? Ndani ya chanjo mna sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, na siku hizi huchanganywa na chanjo ya dondakoo. Mwili hudhani adui amefika, hupeleka askari wake mahali pale, nyama ikavimba na kupata joto. Maumivu huanza baada ya saa chache, na kwa kawaida huisha baada ya siku 2 au 3. Uvimbe mdogo mgumu unaweza kubaki wiki kadhaa bila madhara.

Kabla ya kuchomwa, mwambie muuguzi unatumia mkono gani kwa kazi, akuchome ule mwingine. Kaa hapo dakika 15. Ukiona uso unavimba au pumzi inabana, sema mara moja. Nyumbani weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Usiulaze mkono kabisa, uchezeshe polepole, ila mabeseni mazito waachie wengine siku hiyo. Usiusugue, wala usiukande kwa mawese ya moto. Ukizidiwa, meza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, usirudie kabla ya saa 6, na visizidi 8 kwa siku. Dawa nyingine za maumivu zinazouzwa dukani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usizimeze bila kuuliza kliniki.

Tuongeze neno juu ya homa, maana hapa kwetu Kigoma malaria ni nyingi. Mjamzito mwenye homa asiseme "ni sindano tu" akalala. Aende akapimwe. Vivyo hivyo mkono ukizidi kuvimba na kuwa mwekundu baada ya siku ya tatu, au ukitoa usaha, rudi zahanati.

Wapo pia wanaosema sindano hii inafunga kizazi. Watazame akina mama wa mtaani kwako waliochomwa kwa mimba ya kwanza, uhesabu watoto waliowazaa baadaye.

Tukarudi kwa mama yetu. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, hivyo wakati wa mbalamwezi kali hupumzika na mwaloni panakuwa kimya. Tukamshauri asubiri mbalamwezi itakayofuata baada ya zile wiki 4, aulizie siku ya kliniki, kisha aende na kadi yake. Sindano ikichelewa siku chache haianzi upya. Alicheka, akatuuliza kama mkono wa kushoto nao utauma. Tukamwambia ndiyo, utauma.