Kata Mti, Usikate Mguu

Ukifika Ipinda, wilaya ya Kyela, utaona miti kila upande. Kuna miembe nyuma ya nyumba. Kuna michikichi na migomba. Chini ya miti mikubwa ya kivuli kuna mikakao. Miti hii hutupa chakula, fedha na kivuli.

Lakini miti huhitaji kutunzwa. Kivuli kikizidi, kakao hukosa hewa na mwanga, na matunda yake huoza. Mwembe ukizeeka na kuinamia nyumba, lazima upunguzwe au ukatwe.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa shoka, panga na msumeno wa watu wawili. Siku hizi mafundi wengi hutumia msumeno wa mnyororo. Watu wengi huuita chenso. Ni chombo kizuri. Kazi ya siku nzima huweza kumalizika kwa saa moja. Lakini chombo kinachokata gogo kwa dakika moja hukata mguu kwa sekunde moja. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya afya ya mkata miti.

MZEE NA KIJANA

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu wa mambo yanayoweza kutokea katika kijiji chochote.

Ni mwezi wa Aprili. Mvua imenyesha usiku kucha. Mama mmoja amemwita kijana mwenye chenso aje kukata mwembe ulioinamia nyumba yake. Kijana anafika asubuhi. Anamkuta jirani wa mama huyo, mzee aliyekuwa mpasua mbao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na nini?"

"Nimekuja kuangusha mwembe wa mama. Saa moja tu nitakuwa nimemaliza."

"Nimekuuliza umekuja na nini. Msumeno nauona. Kofia iko wapi? Viatu viko wapi?"

Kijana akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili.

"Babu, kazi yenyewe ndogo. Mimi nimezoea."

"Nilipasua mbao miaka mingi," mzee akajibu. "Wenzangu walioumia hawakuwa wageni wa kazi. Wote walikuwa wamezoea. Je, umeuzunguka mti?"

"Bado, babu."

"Basi tuuzunguke."

Wakauzunguka mwembe pamoja. Upande wa nyuma, shina lilikuwa limeoza, na mchwa wameingia. Udongo ulikuwa umelowa na kupasuka karibu na mizizi. Juu kulikuwa na tawi kavu lililovunjika, limening'inia. Chini yake watoto walikuwa wanacheza.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini babu, nikiondoka leo nyumbani hakuna unga."

"Najua," mzee akasema. "Watoto wako wanahitaji unga leo. Kesho wanahitaji baba."

Mama mwenye mwembe alikuwa anasikia. Akasema, "Mwanangu, nilipoolewa hapa nilikuta mwembe huu umesimama. Utasubiri udongo ukauke. Sisi tutalala kwa jirani. Chukua debe hili la mpunga, tutakata kwenye malipo yako."

Kijana akashukuru. Baada ya siku chache alirudi. Safari hii alikuwa na msaidizi, viatu vya buti na kofia ngumu ya kuazima.

KWA NINI CHOMBO HIKI NI CHA HATARI?

Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1929 alitengeneza wa petroli. Misumeno ya wakati ule ilikuwa mizito sana, ikashikwa na watu wawili. Leo mtu mmoja huubeba begani. Wepesi huo umeleta hatari nyingine: mtu huenda kazini peke yake. Akiumia, hakuna wa kumsaidia.

Injini ikikaza mwendo, mnyororo huweza kukimbia mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya juu ya bapa la msumeno ikigusa tawi, msumeno huruka kuelekea uso na shingo ya fundi. Huruka kabla fundi hajawahi kufikiri. Kwa hiyo usikate kwa ncha. Shika msumeno kwa mikono miwili. Usiuinue juu ya mabega yako. Misumeno ya kisasa ina breki ya mnyororo mbele ya mkono wa kushoto. Jaribu breki hiyo kila siku kabla ya kazi. Kama haishiki, usifanye kazi mpaka itengenezwe.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole. Kelele za msumeno huu hupita desibeli 100. Desibeli ni kipimo cha sauti. Kelele za desibeli 85 tu, kwa saa 8 kila siku, huweza kuharibu masikio. Masikio yakifa, hayarudi. Mtetemo wa injini nao huumiza mishipa ya mikono. Vidole huanza kufa ganzi na kupauka, hasa wakati wa baridi. Ukiona dalili hizo, pumzisha mikono na umwone mganga.

VAA HIVI

1. Kofia ngumu. Tawi dogo likianguka kutoka juu huweza kuua.

2. Miwani au wavu wa kukinga macho na vumbi la mbao.

3. Vifuniko vya masikio.

4. Buti ngumu. Kandambili si viatu vya kazi hii.

5. Suruali ya kazi ya chenso. Ndani yake kuna nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, nyuzi hizo huuzonga na kuusimamisha. Suruali ya kawaida haiwezi kazi hiyo.

Utasema vitu hivi ni ghali. Ni kweli. Lakini mafundi watatu au wanne wakiungana, wanaweza kununua kimoja kimoja na kuvitumia kwa zamu. Unapopanga bei ya kazi, weka humo fedha kidogo ya vifaa, kama unavyoweka ya petroli. Nawe unayemwita fundi, usimlazimishe kupunguza bei hadi aje miguu mitupu.

KABLA YA KUKATA

Zunguka mti. Tazama umeinamia wapi, umeoza wapi, na matawi gani yamekauka. Kyela hupata mvua nyingi, hasa miezi ya Machi hadi Mei. Udongo ukilowa, mizizi hulegea. Usikate mti wakati wa mvua au upepo mkali.

Ondoa watu na mifugo. Kama mti una urefu wa mita 15, watu wote wakae mbali zaidi ya mita 30. Kama matawi yako karibu na nyaya za umeme, usiyaguse. Toa taarifa TANESCO.

Safisha njia mbili za kukimbilia. Ziwe nyuma yako, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Kwanza kata pengo upande ambao mti utaangukia. Pengo lisizidi robo ya unene wa shina. Kisha kata kutoka nyuma, juu kidogo ya pengo. Usikate mpaka mwisho. Acha ubao mwembamba katikati. Ubao huo ni kama bawaba ya mlango, huuongoza mti unapoanguka. Mti ukianza kwenda, ondoka.

Kama shina limeoza, bawaba hiyo haina nguvu. Mti wa namna hiyo aukate fundi mwenye ujuzi, akiuvuta kwa kamba. Ujuzi wa misitu na ukataji hufundishwa katika vyuo kama Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, na Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi.

USIPANDE MTI NA CHENSO

Uingereza kuna mafundi ambao kazi yao ni kupanda miti na kupunguza matawi. Fundi akitumia chenso huko juu, hufungwa mkanda na kushikwa na kamba katika sehemu mbili. Mnyororo ukikata kamba moja, nyingine humshika. Chini yake husimama mwenzake anayejua kupanda na kumshusha akiumia.

Sisi mara nyingi tunapanda kwa mikono mitupu. Kama huna kamba, mkanda, mafunzo na mwenzako, fanya kazi ukiwa chini. Kwa matawi ya mikakao, tumia msumeno mdogo au kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu.

MTU AKIUMIA

Akikatwa: Zima msumeno. Mlaze chini. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake. Usitie majani, udongo wala petroli. Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni. Usifunge kwenye kiungo. Kaza kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga. Usifungue. Mpeleke mara moja kituo cha afya. Huko atachomwa pia sindano ya kuzuia pepopunda.

Akianguka kutoka juu: Usimkalishe. Usimvute mikono. Usimpakie kwenye bodaboda. Huenda uti wa mgongo umevunjika, na kumkunja kunaweza kumfanya apooze maisha yake yote. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke. Wengine wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa vimenyooka. Mlazeni juu ya ubao mpana au mlango ulioondolewa, kisha tafuteni gari.

Kama umeajiriwa, jua haki yako. Tangu mwaka 2015 waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukiumia kazini, toa taarifa mapema. Fundi anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia. Kinga yake ni vifaa vyake, mwenzake na uangalifu wake.

Ndugu msomaji, mti umesimama miaka mingi. Ukisubiri udongo ukauke, utaukuta. Mguu ukikatika hauoti tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mzee aliona hatari gani alipouzunguka mwembe?

2. Katika kijiji chenu, mtu akianguka kutoka kwenye mti atabebwa kwa kitu gani? Kiko wapi sasa hivi?

3. Mafundi wa kijijini kwenu wanaweza kuungana vipi ili wanunue kofia, buti na suruali za kazi?