Uvimbe Umepungua kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1976 watafiti wawili, Moertel na Hanley, walipanga mipira 12 juu ya godoro, wakaifunika kwa sponji, wakawaita wataalamu 16 wa saratani waipime. Vipimo vilitofautiana, na mipira ni ile ile!

Siku hizi tunapima kwa picha za CT. Kwa kanuni za RECIST, zilizotoka 2000 na kurekebishwa 2009, huchaguliwa sehemu zenye uvimbe zisizozidi 5, vipenyo vyake vikajumlishwa. Jumla ikishuka asilimia 30, dawa inafanya kazi. Ikipanda asilimia 20 kutoka kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa, tena kwa milimita 5 au zaidi, ugonjwa unaendelea. Kati ya hapo wanasema ugonjwa umetulia. Sisi tunaowatafsiria bibi na babu hospitalini tulishike neno hili vizuri: kutulia si kupona, wala si dawa kushindwa.

Lakini rula haioni yote. Katika saratani ya GIST, ambayo mara nyingi huanzia tumboni, imatinibu inaweza kuua seli huku uvimbe ukibaki na ukubwa wake. Kwenye CT unaonekana mweusi zaidi, basi. Picha ya PET, inayoonyesha seli zinavyotumia sukari, huweza kugundua mabadiliko hayo mapema.

Dawa za kuamsha kinga ya mwili zina utata zaidi. Seli za kinga zikijazana ndani ya uvimbe, unaonekana umekua. Kwa hiyo iRECIST ya 2017 inataka picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 8. Mgonjwa ambaye hali yake ni nzuri anaweza kuendelea na dawa wakati akisubiri.