VIKAPU VYA UBUGU VYA JAPANI: MMEA, MSIMU NA MSAMIATI WA WASUKAJI

Katika lugha yoyote, msamiati wa kazi za mikono ndio umsumbuao zaidi mfasiri na mtungaji wa kamusi. Maneno yake ni mengi, hutumiwa na watu wachache, na aghalabu maana yake haionekani mpaka kazi yenyewe itazamwe. Kamusi ikieleza kwamba neno la Kijapani kago maana yake ni kikapu, na kwamba zaru nalo maana yake ni kikapu, haikusema uwongo. Lakini haikumfaa msomaji. Mpishi wa Kijapani aoshaye mchele huutia katika zaru ili maji yachuruzike. Mwanakijiji aendaye mlimani kuchuma uyoga hujifunga kago kiunoni. Kwa Kiswahili, chombo cha kwanza chakaribia kung'uto kuliko kikapu, na cha pili ndicho kikapu hasa. Tofauti hiyo haikutokana na umbo peke yake, bali yatokana na kazi ya chombo; na kazi ndiyo ichaguayo mmea wa kusukia. Makala haya yanaeleza vikapu vya Japani visukwavyo kwa ubugu na mimea mingine ya mwituni, hasa vile vya Okuaizu, pamoja na maneno yanayofungamana navyo.

Nchi ya theluji

Sehemu za kusini na magharibi za Japani zina joto na mianzi minene, na huko wasukaji hutumia mwanzi. Mji wa Beppu, katika kisiwa cha Kyushu, umejulikana sana kwa kazi hiyo. Lakini kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Honshu, penye baridi kali na theluji nyingi, mianzi minene haistawi vizuri. Watu wa huko wameutazama msitu wao, wakachagua ubugu, yaani shina la mmea utambaao chini au upandao juu ya miti, wakatumia pia magome na majani. Ubugu kwa Kijapani ni tsuru, na kazi ya kusuka ubugu huitwa tsuru-zaiku.

Mkoani Aomori, katika nchi ya Tsugaru, husukwa ubugu wa akebi, mmea ambao tunda lake likiiva hupasuka lenyewe. Katika kijiji cha Nozawa Onsen, mkoani Nagano, ubugu huohuo wa akebi hutengenezewa kichezeo chenye umbo la njiwa aliyewekwa juu ya magurudumu, nacho huitwa hato-guruma. Majina haya mawili yanaonyesha kanuni moja ya matamshi ya Kijapani. Neno la kazi ya mikono ni saiku, na neno la gari au gurudumu ni kuruma. Lakini yakifuata neno jingine katika jina la kuunganisha, s ya mwanzo huweza kugeuka z, na k kugeuka g. Mjuzi wa Kiswahili, aliyezoea kuona ulimi ukiwa ndimi, hatastaajabu kwamba sauti ya mwanzo wa neno hubadilishwa na jirani yake. Ila yafaa ajue kwamba zaiku na saiku ni neno moja, asije akayatafuta katika kamusi kama maneno mawili.

Mahali ambapo kazi hii imehifadhiwa kwa utaratibu mkubwa ni Mishima, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Fukushima, kando ya mto Tadami. Sehemu hiyo huitwa Okuaizu, yaani Aizu ya ndani, kwa kuwa oku ni mahali pa ndani kabisa, mbali na mlango. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi, na kilimo husimama. Zamani huo ndio uliokuwa wakati wa wakulima kukaa karibu na moto na kusuka vyombo vya kutumia mwaka ujao. Kusuka hakukuwa biashara ya fundi maalumu. Ilikuwa kazi ya kila nyumba.

Mimea mitatu na miezi yake

Wasukaji wa Okuaizu hutumia hasa mimea mitatu, na kila mmoja una wakati wake.

Wa kwanza ni yamabudo, mzabibu wa mwituni, ambao wataalamu wa mimea huuita Vitis coignetiae. Yama ni mlima, na budo ni zabibu. Mmea huu hupanda juu ya miti mirefu, na kitakiwacho si shina bali gome lake. Gome hubambuliwa mwezi wa Juni mpaka mwanzoni mwa Julai, wakati maji ya mti yanapopanda kwa wingi. Siku hizo ni chache. Zikipita, gome hung'ang'ania shina, wala halibambuki vema, na msukaji hana budi kungoja mwaka mwingine. Gome la nje lililo kavu na lenye kukwaruza huondolewa. La ndani huanikwa, likawekwa. Siku ya kusuka hulowekwa majini, hunyoshwa, na kukatwa vipande vya upana mmoja. Kikapu cha yamabudo ni kigumu na chastahimili mizigo, kwa hiyo zamani kilikuwa cha kubebea mazao na zana za mlimani. Kikitumiwa miaka mingi rangi yake hukolea, nacho hung'aa kwa kushikwashikwa na mikono.

Wa pili ni hiroro. Hiki si kibugu bali ni aina ya majani marefu membamba yaotayo chini ya miti, ya jamii ya mimea iitwayo Carex. Majani hung'olewa kwa mkono karibu na mwezi wa Septemba, hukaushwa, kisha husokotwa kuwa kamba nyembamba. Kamba hizo husukwa mifuko laini ya kutundika begani. Jina hiroro ni la watu wa huko. Katika Kijapani cha vitabuni mmea huo ni aina ya suge. Kwa hiyo mtu ajuaye Kijapani cha shule tu aweza kulisikia neno hili sokoni Mishima asilitambue.

Wa tatu ni matatabi, Actinidia polygama, mmea upendwao mno na paka, ambao hugaagaa juu ya majani yake kama waliolewa. Vijiti vyake vya mwaka mmoja hukatwa majani yanapokwisha kupukutika, karibu na Novemba. Kila kijiti hupasuliwa, moyo wake laini hutolewa, na ukanda unaobaki huparuliwa mpaka uwe mwembamba sawasawa. Kinyume cha yamabudo, matatabi husukwa kabla haijakauka kabisa. Chombo kikiisha kusukwa hutundikwa nje ya nyumba, mwishoni mwa majira ya baridi, kipigwe na upepo, jua na theluji, hata rangi yake iwe nyeupe. Desturi hii huitwa kan-zarashi, yaani kuanikwa katika baridi. Matatabi ikilowa huwa laini, haichubui mkono wala haivunji punje za mchele, na maji hupita upesi. Ndiyo sababu zaru za kuoshea mchele hutengenezwa kwa mmea huu. Na ukubwa wa zaru hutajwa kwa kipimo cha nafaka, sho, ambacho ni kama lita 1.8.

Mtu akiyapanga majina haya matatu kwa taratibu ya miezi, amekwisha kupata kalenda ya msitu: Juni yamabudo, Septemba hiroro, Novemba matatabi, na theluji ikianguka, kusuka. Mzee amfundishaye kijana neno yamabudo humfundisha pamoja nalo mwezi wake, na kwamba si kila shina la kubambuliwa, kwa kuwa shina changa likiachwa leo ndilo litakalovunwa kesho.

Vitenzi vya kusuka

Jina rasmi la kazi hii ni Okuaizu amikumi zaiku. Ndani yake mna vitenzi viwili. Amu ni kusuka kwa kupitisha nyuzi. Kumu ni kupishanisha vitu ili vishikane, kama mtu apishanishapo mikono kifuani. Kitenzi cha tatu, oru, ni cha kufuma nguo katika kitanda cha mfumi, nacho hakitumiki kwa vikapu. Mgawanyo huu haulingani kabisa na wa Kiswahili, ambacho husema kusuka kwa nywele, mkeka na kikapu pia. Tena Wajapani hutumia amu kwa kukusanya maandishi yakawa kitabu; na hapa Mswahili hukumbuka kitenzi chake, kutunga, ambacho ni cha ushanga na cha mashairi.

Mitindo ya kusuka ni mingi, lakini mitatu yatosha kuonyesha njia. Wa kwanza ni ajiro, ambapo kila ukanda wa mshindio hupita juu ya kanda mbili au zaidi za mtande, kisha chini ya idadi hiyo, ukisogea hatua moja kila mstari hata mistari ya mshazari itokee. Huu hutumika sana kwa gome la yamabudo. Wa pili ni mojiri, ambapo kamba mbili husokotana zikikamata katikati yao kila uzi wa mtande. Ndio mtindo wa mifuko ya hiroro. Wa tatu ni ule wa kuacha nafasi wazi. Nafasi hiyo huitwa me, yaani jicho, kama wavuvi wa pwani wasemavyo macho ya wavu. Ikiwa na pembe nne huitwa yotsume, na ikiwa na pembe sita huitwa mutsume au kagome, jicho la kikapu. Jicho hili la pembe sita si geni kwa Waswahili: ndilo lisukwalo katika dema la kuvulia samaki. Sababu ni moja kote kuwili, maana kanda zikikingamana kwa njia tatu hubanana zenyewe, na chombo huwa chepesi pasipo kulegea.

Ikumbukwe pia tofauti moja ya msingi. Kikapu cha ukindu cha pwani ya Afrika ya Mashariki husukwa kwanza ukili, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa. Kikapu cha Okuaizu hakina ukili wala mshono. Huanzwa kitako, kanda hukunjwa kwenda juu, na mbavu husukwa mpaka mdomoni. Na cha yamabudo aghalabu husukwa juu ya kalibu ya mti ili kipate umbo. Kwa hiyo neno ukili lisitumiwe katika kufasiri habari za vikapu hivi, ingawa latamanisha kwa utamu wake.

Ukale wa kazi na hatari iliyoikabili

Kazi hii ni ya kale mno. Kipindi kirefu cha historia ya awali ya Japani huitwa Jomon, maana yake alama za kamba, kwa sababu vyungu vyake vilitiwa nakshi kwa kugandamizwa kamba udongo ukiwa mbichi. Katika magofu ya Sannai-Maruyama, mkoani Aomori, yaliyochimbwa kwa wingi tangu mwaka 1992, kulipatikana kifuko kidogo kilichosukwa kwa gome la mti, na ndani yake mabaki ya kokwa. Katika Mishima kwenyewe, magofu ya Arayashiki yametoa vipande vya vitu vilivyosukwa katika kipindi hicho.

Kazi iliyodumu milenia nyingi ilikaribia kupotea katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vyombo vya plastiki vilienea hata vijijini, na vijana walihamia mijini. Yanagi Soetsu, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1961, alikuwa ameiona thamani ya vyombo vya watu wa kawaida mapema. Mwaka 1925 yeye na wenzake waliunda neno mingei, yaani sanaa ya umma, na mwaka 1936 jumba la kuhifadhi vyombo hivyo likafunguliwa Tokyo. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya kuendeleza kazi za jadi. Ili kazi itambuliwe, sheria hiyo yataka chombo kiwe cha matumizi ya kila siku, sehemu kubwa ya kazi ifanywe kwa mkono, na ufundi na malighafi viwe vya jadi. Tena wawepo wafanyakazi wa kutosha mahali pamoja. Watu wa Mishima walianza mwaka 1981 juhudi za kurudisha kazi za mikono katika maisha ya nyumbani, na mwaka 2003 vikapu vyao vikatambuliwa kwa sheria hiyo.

Hata hivyo hatari haijaondoka. Kwa hesabu ya mwaka 2020 wakazi wa Mishima hawakufikia 2000, na zaidi ya nusu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Mkoba wa yamabudo siku hizi hununuliwa kwa bei kubwa na watu wa mijini. Lakini mnunuzi hajui siku ya kubambua gome, wala hahitaji kuijua. Chombo chaweza kuuzwa na kusifiwa kote duniani huku maarifa ya kukipata yakibaki kwa wazee wachache.

Hapa ndipo pana fundisho kwa watungaji wa kamusi. Neno hiroro likiandikwa "aina ya majani" limehifadhiwa nusu. Nusu ya pili ni mwezi wa kung'oa, namna ya kukausha, mtindo wa kusuka na chombo kitokacho. Kiswahili nacho kina maneno ya namna hii: kifumbu cha kuchujia tui, pakacha, tenga, dema, tunga. Baadhi ya vyombo hivi vimekwisha kupata mshindani wa plastiki jikoni na sokoni, na mtoto wa mjini aweza kukua asivione. Afaaye kuulizwa habari za maneno haya ni msukaji, tena aulizwe akiwa kazini, maana mambo mengi huyakumbuka mkono unaposhika ukindu. Na jibu lake liandikwe lote, pamoja na mmea na msimu.