Je, Mtoto Atachukuliwa?

Katika darasa letu la jioni mama mmoja alisimama akauliza swali. Alisema: “Mwalimu, mtoto wa jirani anapigwa kila siku. Juzi nimemwona ana vidonda mgongoni. Nataka kusema, lakini naogopa. Nikisema, si serikali itamchukua? Halafu nitaambiwa nimevunja nyumba ya watu.”

Darasa zima lilinyamaza. Mzee mmoja akajibu: “Mambo ya nyumba ya mtu ni ya mwenyewe.” Wengine wakaitikia.

Hofu hii ipo vijiji vingi. Basi tumeona tuieleze sheria.

Sheria inasema nini?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wana yao ya mwaka 2011. Kwa sheria yetu, mtoto ni mtu ye yote aliye chini ya miaka 18. Sheria inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Hakuna mtu wa kumnyima haki hiyo, mpaka mahakama ione kwamba kukaa nao kutamdhuru.

Someni tena hapo. Mahakama ndiyo inayoamua. Siyo jirani, siyo mwenyekiti wa kijiji, wala siyo Afisa Ustawi wa Jamii peke yake.

Lakini sheria hiyo hiyo inatutaka sisi wanajamii, tukijua mtoto anateswa au ametupwa, tutoe taarifa. Kwa hiyo mzee wetu alikosea. Tulimwambia kwa heshima, na hakufurahi.

Afisa akifika anafanya nini?

Watu hudhani anakuja na gari, anabeba mtoto, anaondoka. Sivyo. Kwanza anachunguza. Anamwona mtoto, anazungumza naye pembeni, mbali na anayeshutumiwa. Anaweza kumwuliza mwalimu wake, au mganga wa zahanati. Kisha anamwita mzazi wakae waongee. Mara nyingi jambo huishia hapo, mzazi anaonywa na kusaidiwa. Mzazi akikataa, afisa anakwenda Mahakama ya Watoto.

Na umaskini je? Wengi huuliza hivyo. Mwaka 2009 huo huo, Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Nyumba ya nyasi si kosa. Kulala njaa wakati wa ukame si kosa la mama.

Mahakama ya Watoto haikai mbele ya kadamnasi. Watu hawaji kusikiliza kama mkutano wa hadhara. Mtoto ana haki ya kusema, na mzazi anaweza kuwapo. Mahakama inaweza kutoa amri ya usimamizi. Maana yake, mtoto anabaki nyumbani, lakini afisa anamfuatilia. Au inaweza kutoa amri ya matunzo. Hapo mtoto anaondolewa kwenye hatari, na afisa anakuwa na madaraka ya mlezi. Hata hivyo si lazima apelekwe kwenye makao ya watoto. Anaweza kuwekwa kwa ndugu, au kwa familia ya kuaminika iliyothibitishwa.

Kuna mambo ambayo hayangojei kikao. Mtoto akibakwa au akiumizwa vibaya, hilo ni kosa la jinai. Mpelekeni polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kama lipo, na hospitali. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Kila saa ina maana. Sisi tumeona wazee wakikaa, mkosaji anatozwa mbuzi, yamekwisha. Mbuzi analiwa, mtoto anarudi kule kule. Tena siku tatu zimepita. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa kama 1 katika kila 7. Hebu hesabuni watoto wa kitongoji chenu.

Taarifa inapelekwa wapi? Kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ofisi ya kata au ya kijiji, au polisi. Mwenye simu apige 116. Haina malipo. Hulazimiki kusimama mkutanoni kutaja watu.

Mama yule aliandika 116 nyuma ya daftari lake. Namba zake bado zinalala upande, lakini zinasomeka. Alipiga. Afisa alifika siku ya tisa, kwa pikipiki ya kukodi, maana alikuwa peke yake na kata nyingi. Siku tisa ni nyingi kwa mtoto mwenye vidonda. Tulimwambia hivyo, naye hakubisha.

Baba aliitwa mara mbili, akakataa kuja. Shauri likaenda mahakamani, ikatolewa amri ya matunzo. Mtoto sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama, kijiji cha pili. Anakwenda shule. Baba anaruhusiwa kumwona Jumapili, afisa akijua. Jumapili mbili amekwenda, ya tatu hakwenda. Mama jirani hasalimiwi na nyumba ile mpaka leo.